Maswali ya Wasomaji: Mahindi ya Kuwavuta Kulungu

SWALI: Mzee wetu, shikamoo. Mimi ni Mtanzania ninayeishi Texas, ambako mwaka jana mimi na mke wangu tulinunua ekari 18 za pori lenye miti ya mialoni. Kulungu hupita humo alfajiri, lakini hawatulii. Jirani yangu amenishauri nichukue bomba la plastiki la inchi sita, nilifunge wima kwenye mti, nilijaze mahindi yawe yanateremka yenyewe mdomoni, kisha nisubiri msimu wa kuwinda. Tena kuna mkulima aliye tayari kuniuzia kwa bei ya chini mahindi yaliyonyeshewa. Je, nifuate ushauri huo, au kuna chombo kingine ninachoweza kujitengenezea?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Wasomaji walio nyumbani wafahamu kwanza kwamba kulungu anayezungumzwa hapa si yule wa misitu yetu, ambaye pembe zake hubaki kichwani maisha yake yote. Huyu ni kulungu wa Marekani mwenye mkia mweupe upande wa chini, ambaye dume lake huangusha pembe kila mwaka na kuotesha nyingine.

Kwa upande wa sheria, Texas inaruhusu kumvuta kulungu kwa mahindi katika ardhi ya mtu binafsi, mradi mwindaji awe na leseni. Na aliyezaliwa tarehe 2 Septemba 1971 au baada ya hapo anatakiwa pia awe amepitia mafunzo ya uwindaji. Usimshauri ndugu yako aliye Iowa, Minnesota au Illinois akuige, kwa sababu huko kuwinda kulungu kwa chambo ni kosa. Hata hapo Texas, njiwa wanaohamahama wanalindwa na sheria ya nchi nzima: mahali palipomwagwa mahindi huhesabiwa kuwa na chambo hadi siku 10 zipite tangu punje ya mwisho iondolewe, na anayewapiga njiwa hapo anavunja sheria hata kama mahindi hayo aliyaweka kwa ajili ya kulungu.

Sasa nije kwenye mahindi yaliyonyeshewa, ambayo ndiyo yaliyonifanya niichague barua yako mbele ya nyingine. Usiyanunue. Mahindi yaliyolowa huota ukungu, na ukungu huo huweza kuzalisha sumukuvu, sumu ambayo huioni, huinusi, wala haiondoki kwa kuanika punje juani. Sisi wa Afrika Mashariki hatuhitaji kuhadithiwa habari zake: mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na 125 kati yao walifariki. Kulungu nao huumia, na ndege wanaookota masazo, hasa bata mzinga wa porini, huumia zaidi. Nunua mahindi makavu yaliyopimwa, yanayouzwa katika magunia ya pauni 50, yaani karibu kilo 23, na uyahifadhi juu ya mbao, mbali na sakafu.

Bomba la jirani yako ni rahisi kutengeneza, nami naelewa kwa nini watu wengi huanza nalo. Hata hivyo, lina kasoro mbili ambazo kwangu ni kubwa. Ya kwanza ni kwamba mdomo wake hupokea mvua, punje za mbele zikavimba, zikagandamana na kuoza huku zile za juu zikiwa bado nzuri. Ya pili ni kwamba kulungu wote hutia pua mahali pamoja. Kuna ugonjwa wa kulungu wa kukonda hadi kufa, ambao uligunduliwa Colorado mwaka 1967 na kuonekana Texas mwaka 2012. Huenezwa kwa mate, mkojo na kinyesi, hauna tiba, na chembechembe zake hudumu udongoni kwa miaka. Haijathibitishwa kwamba binadamu aliwahi kuupata, lakini nyama ya mnyama aliyeonekana kuwa nao haishauriwi kuliwa. Uliza Idara ya Hifadhi na Wanyamapori ya Texas kama kaunti yako imo katika maeneo yenye masharti ya kupima wanyama waliowindwa.

Kwa sababu hizo, mimi ningechagua pipa linalotawanya. Tafuta pipa safi la takriban lita 200 lililokuwa la chakula, wala si la kemikali, lenye kifuniko kinachobana. Toboa tundu katikati ya kitako, ufunge chini yake mota ndogo yenye kisahani kinachozunguka na kurusha punje, betri na saa ya kuiwasha. Vifaa hivyo huuzwa pamoja katika maduka ya wawindaji. Zungushia mota wavu wa chuma, kwa maana rakuni, mnyama mdogo wa huko anayetembea usiku, ana vidole vyepesi na atakizungusha kisahani usiku kucha. Lisimamishe pipa juu ya miguu mitatu ya chuma, kitako chake kiwe futi sita au saba kutoka chini. Likijaa, mahindi yake peke yake hufikia kilo 150, kwa hiyo lijaze nusu tu, nayo yatakaa makavu zaidi. Weka saa imwage kwa sekunde tano au sita alfajiri na kiasi hicho hicho jioni. Siku ya kwanza tandika turubai chini, upime kilichomwagika. Kikizidi wanachomaliza kwa siku moja, punguza.

Nguruwe mwitu watakuja, hilo usilitilie shaka. Zungushia eneo lote la pipa wavu mgumu wa chuma wenye kimo cha inchi 34 hivi: kulungu huuruka bila taabu, nguruwe hushindwa. Uache duara pana, ili kulungu aliyemo ndani asijione amenaswa.

Pipa likae karibu na katikati ya shamba na jirani na kichaka, kwa kuwa kulungu hapendi kula pasipo mahali pa kukimbilia, na ulingo wako uwe upande ambao upepo unatoka kwao kuja kwako. Kwa ekari 18, jambo hili lina uzito wa kisheria pia, kwani ni kosa Texas kufyatua risasi ikavuka mpaka wa shamba lako bila idhini ya maandishi ya mwenye ardhi ya pili.

Tena usiyafanye mahindi kuwa lishe. Yana protini ndogo, na mnyama anayecheua akiyala mengi kwa ghafla, tumbo lake hujaa asidi, na anaweza kufa akiwa ameshiba. Kulungu wako hutembea eneo kubwa mno kuliko ekari zako; kinachowaleta kwako ni majani, maji na ile mialoni, ambayo nakusihi usiikate. Matunda yake yatakapoanza kudondoka, huenda ukaona mahindi yamelala chini siku tatu hayajaguswa. Usiongeze mengine. Zima mota, fagia yaliyobaki, kisha hamishia ulingo wako kwenye mialoni.