Kwa Doto, kuhusu mahafali na mengine

Mwanangu Doto,

Salamu nyingi kutoka Nyegezi. Mama yako hajambo. Kulwa alipita Jumapili akitokea Sengerema na amesema nikusalimie. Ujumbe wako nimeusoma na kuurudia. Unauliza uondoke mwishoni mwa Agosti, ili tarehe 1 Septemba uanze mwaka wako wa kujitolea kwenye ile chekechea ya Würzburg, Ujerumani, kama walivyokuandikia, au uwaombe wakusogeze hadi Desemba ili usikose mahafali ya Novemba na uondoke na cheti mkononi.

Nitakujibu. Lakini kwanza nijibu wewe: kwenye cheti cha kuzaliwa umeandikwa Magreth au Margareth? Na kwenye cheti cha kidato cha nne? Na kule NIDA, kwenye kitambulisho cha taifa? Usinijibu kwa kichwa, toa karatasi uziweke mezani usome herufi moja moja. Unaujua msimamo wangu tangu mko wadogo: karatasi kwanza, begi baadaye.

Yaliyompata Kulwa unayajua, ila unayajua kwa upande wa machozi. Upande wa karatasi sidhani kama uliwahi kuelezwa. RITA, wanaotoa vyeti vya kuzaliwa, walimwandika Kulwa. Mwalimu aliyemwandikisha darasa la kwanza aliandika Kurwa, jinsi alivyosikia. Jina la shule ya msingi ndilo lililokwenda sekondari, likaingia kwenye cheti cha kidato cha nne, kisha kwenye cheti chake cha ufundi. NIDA walifuata cheti cha kuzaliwa, na pasipoti ikafuata NIDA. Kwa hiyo siku mkataba wa kazi ya Doha ulipofika, pasipoti ilikuwa ya Kulwa na ujuzi wote ulikuwa wa Kurwa. Waliohakiki vyeti wakajibu kwamba hivi ni vyeti vya mtu mwingine. Akakimbilia kwa wakili, akaapa kiapo kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja. Kiapo kilipatikana siku hiyo hiyo, kikakataliwa. Walitaka hati ya kubadili jina iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati. Hati ilipotoka, nafasi ilikuwa imeshachukuliwa.

Kinachoniuma ni kwamba alikuwa ameuliza mapema. Alikwenda dirishani kwenye ofisi moja akaonyesha tofauti ile, akaambiwa, "Kijana, herufi moja tu, haina shida." Kulwa amekwisha kumsamehe mtu yule. Mimi bado. Wakati mwingine najiambia labda ilikuwa heri, maana leo ana karakana yake ya injini za mitumbwi na wavuvi wanamngoja yeye tu. Halafu nakataa. Kupata riziki nyingine hakufuti ile aliyonyang'anywa kwa herufi moja. Na yule wa dirishani yupo mpaka leo, anawaambia wengine haina shida.

Kwa hiyo wewe fanya hivi, na uanze ukiwa bado hapo Dodoma. Panga mezani cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha kidato cha sita, kitambulisho au namba ya NIDA, na matokeo ya chuo. Angalia tahajia, angalia mpangilio wa majina matatu, angalia tarehe ya kuzaliwa. Majina yakipishana, amua lipi ndilo la kubaki, na liwe lile lililo kwenye vyeti vya mitihani, kwa sababu hivyo ndivyo vigumu zaidi kubadilishwa. Nyingine zirekebishwe zifuate hapo. Ndipo uombe pasipoti. Ada yake ni shilingi 150,000 na inadumu miaka 10. Ukiikosea jina, makosa yatahamia kwenye visa, kwenye tiketi, kwenye bima na kwenye benki ya huko.

Ya pili ni cheti cha polisi cha tabia njema. Chekechea haimruhusu mtu kukaa na watoto bila hicho, na kinahitaji alama za vidole, kwa hiyo huwezi kumtuma mtu. Kishughulikie safari ile ile unayokwenda Dar kwa ajili ya mtihani wa Kijerumani pale Goethe-Institut. Kutoka Dodoma treni ya SGR inakufikisha siku hiyo hiyo. Ukisubiri hadi umerudi Mwanza, kila sahihi itakuwa safari ya basi ya usiku kucha. Ubalozini, pale Umoja House, utapeleka mkataba uliosainiwa pande zote, uthibitisho wa bima ya afya, cheti cha lugha, wasifu wako na barua ya kueleza kwa nini unakwenda, pamoja na nakala. Ada ya visa ya muda mrefu ni euro 75. Omba miadi mara tu mkataba wenye sahihi zote ukifika, maana majibu huweza kuchukua wiki nyingi, na usinunue tiketi isiyobadilishika kabla visa haijabandikwa. Akitokea mtu anasema anaweza kuisukuma kwa hela kidogo, mwache. Pasipoti yako asikae nayo mtu yeyote, huku wala huko.

Sasa surua. Tangu Machi 2020 sheria ya Ujerumani inamtaka kila anayefanya kazi chekechea, kama amezaliwa baada ya 1970, aonyeshe kwamba amepata dozi mbili za chanjo ya surua au damu yake ipimwe ionekane ana kinga. Ninyi mlipozaliwa ratiba yetu ilikuwa dozi moja, ya miezi 9. Dozi ya pili iliingia kwenye ratiba ya taifa mwaka 2014. Kadi yako ya kliniki ipo, mama yako anayo kwenye sanduku la bati, lakini haitatosha. Nenda hospitali ya mkoa ukaulize chanjo, na kumbuka kati ya dozi na dozi ni angalau wiki 4, kwa hiyo jambo hili haliwezi kusubiri Agosti.

Ukiwa huko huko, pima kichocho. Umeogelea ziwani tangu unajifunza kutembea, na kichocho cha tumbo kinaweza kukaa mwilini miaka bila kukuumiza kwa kuonekana. Ukikutwa nacho, prazikwanteli humezwa kwa kadiri ya uzito wa mwili, na hapa kila mhudumu anaijua. Huko daktari wa kawaida anaweza kuzunguka nawe miezi akitafuta ugonjwa asiowahi kuuona. Na malaria: ukipata homa miezi ya mwanzo, hata iwe ndogo, sentensi yako ya kwanza kwa daktari iwe kwamba umetoka Mwanza, kwenye malaria, na unaomba upimwe leo. Usipotamka hivyo wataiita mafua. Ukirudi baada ya mwaka pia usijione mwenyeji. Kinga uliyoijenga kwa kuumwa mara kwa mara hupungua mtu akikaa mbali, kwa hiyo usiku wa kwanza hapa nyumbani utalala ndani ya chandarua.

Mama yako ameshaanza kukusanya vyakula. Nimemweleza, hakufurahi. Nyama ya aina yoyote na chochote cha maziwa haviruhusiwi kuingia Ulaya kwenye begi la msafiri, kwa hiyo samli ya bibi inabaki. Embe nazo zinataka cheti cha afya ya mimea, ziache. Lakini samaki wanaruhusiwa hadi kilo 20, kwa hiyo dagaa wataingia. Achague waliokaushwa kwenye chanja, wasio na mchanga, wakauke kabisa, wafungwe mifuko miwili isiyopitisha hewa. Wakibaki na unyevu wataota ukungu kabla ya Novemba, na harufu yao itaingia kwenye kila nguo uliyonayo. Kilo 2 zinatosha. Makoti mazito usinunue mengi pale Mlango Mmoja. Chukua moja la kufikia, viatu visivyopitisha maji ukanunue huko huko. Na angalia tiketi: ndege ya kimataifa inaweza kukupa mabegi mawili ya kilo 23, lakini ya kutoka Mwanza hadi Dar, kama umeikata peke yake, ikaruhusu moja. Watu hufungua mabegi pale uwanjani wakagawa vitu kwa waliowasindikiza.

Fika siku ya kazi, si Jumamosi usiku. Jumapili maduka ya Ujerumani hufungwa, na utalala njaa kwenye mji wenye kila kitu. Kutoka Frankfurt hadi Würzburg kwa treni ya kasi ni saa moja na dakika chache. Ukishahamia, una siku 14 za kujiandikisha makazi, wenyewe wanaita Anmeldung, na unahitaji fomu iliyosainiwa na mwenye nyumba. Bila hiyo hupati chochote kingine. Kisha andika jina lako kwenye sanduku la barua la mlangoni, kama lilivyo kwenye pasipoti. Kadi ya benki, kadi ya bima na namba ya kodi yenye tarakimu 11 vyote vinakuja kwa posta, na mpeleka barua asipoliona jina anazirudisha. Unaona tena? Karatasi kwanza. Visa utakayoingia nayo mara nyingi ni ya miezi michache tu, kwa hiyo omba miadi ya kibali cha ukaazi wiki za mwanzo, usingoje ikaribie kuisha.

Laini yako ya hapa usiiache ife. Benki na huduma za pesa kwa simu hutuma namba za siri kwenye laini hiyo, na usajili wake ni wa alama za vidole, kwa hiyo hatuwezi kukufufulia sisi. Chukua simu ya laini mbili na uitumie hata kwa ujumbe mmoja kila mwezi. Bodi ya Mikopo nayo, chukua taarifa ya deni lako kabla hujaondoka. Mwajiri wa hapa angekata asilimia 15 ya mshahara, ila huko hakuna wa kukukatia, na deni linakaa palepale likikungoja.

Hela. Mwaka wa kujitolea unalipa posho, si mshahara, hata kama saa za kazi ni za siku nzima. Ndani ya miezi 12 wanakupeleka siku 25 za semina, na hizo usizikose, maana ndipo utakapokutana na vijana wenzako na kujifunza Kijerumani chao, ambacho kwa watu wa Würzburg hakifanani sana na cha darasani. Ndugu watadhani umekwenda kuchuma. Watakuomba. Nilitaka kukwambia uwakatalie wote, lakini shangazi yako alikulipia ada ya kidato cha tano, na mtu hakatai tu. Tuma kidogo, kwa nadra, na useme mapema ni posho. Au wanitafute mimi niwaeleze.

Kupiga simu, angalia saa. Utakapofika mtakuwa nyuma yetu kwa saa moja. Jumapili ya mwisho ya Oktoba wanarudisha saa zao, na tofauti inakuwa saa mbili hadi mwisho wa Machi. Desemba jua huko huchomoza saa 2 asubuhi na kuzama kama saa 10 na nusu jioni. Utaamka gizani na kutoka kazini gizani. Toka nje mchana hata kwa nusu saa. Miji yetu miwili ni marafiki tangu 1966, hutakuwa Mmwanza wa kwanza kuuona msimu huo, na watakaokupokea wanajua Mwanza iko wapi.

Sasa mahafali. Chuo kikishapitisha matokeo, hati ya matokeo unaweza kuipata kabla ya sherehe, mradi fomu ya kuondoka chuoni ina mihuri yote: maktaba, bweni, uhasibu. Muhuri mmoja ukikosekana wanazuia kila kitu, kwa hiyo rudisha vitabu sasa. Cheti chenyewe unaweza kuniandikia barua ya idhini, na nakala ya kitambulisho chako na changu, nikakichukue. Waulize kama barua ya kawaida inatosha au wanataka ya wakili, na uipate ukiwa bado nchini.

Kwa hiyo kwa upande wa karatasi, Agosti inawezekana. Inawezekana kabisa. Kwa upande mwingine mama yako ameshanunua kitenge cha siku hiyo, na mimi nilitamani kukuona umevaa joho, hasa baada ya mwaka ule wa Kulwa. Lakini joho si karatasi. Nafasi ikisogezwa hadi Desemba utafika katikati ya baridi, hujui njia, wenzako wameshazoeana, na anayesogeza nafasi mara moja anaweza kuiondoa kabisa. Tumeliona hilo. Lakini na mtu humaliza chuo mara moja. Unaona ninavyokwenda huku na huku. Ninalo ninaloliona, na liko ulimini, ila mkataba una sahihi yako, nami nimemwahidi mama yako kwamba hili sitakuamulia. Mkiongea naye kwanza nitashukuru.

Ijumaa nitumie picha za zile karatasi tano, kila moja peke yake, kwenye mwanga, pembe zote nne zionekane. Usinitumie kivuli cha simu.

Baba yako