Unaandikia watoto wa shule? Maswali yenu na majibu yangu

Wiki hii nawajibu wanaoandika hadithi na masomo ya watoto bila kuajiriwa na mchapishaji.

Shikamoo dada. Mwalimu ameniambia hadithi yangu ya Darasa la Kwanza ni ngumu, ingawa sentensi ni fupi: "Mwanajuma alinyang'anywa kikapu, akashikwa na simanzi." Ugumu uko wapi? (Msomaji, Tanga)

Marahaba. Sentensi ni fupi kweli, lakini mtoto wa Darasa la Kwanza anasoma kwa silabi. Huanza na irabu, kisha konsonanti moja na irabu: ba, ka, ma. Silabi mwambatano, yaani zenye herufi mbili au zaidi za konsonanti kabla ya irabu, huja baadaye, nawe umemwekea saba: mwa, nya, ng'a, nywa, shi, kwa, nzi. Akifika kwenye "simanzi" ameshasahau nani kanyang'anywa nini.

Linganisha na hii: "Baba amepoteza kofia. Dada anatafuta. Kaka anatafuta. Kofia iko wapi? Paka amelalia kofia." Silabi zote ni nyepesi, na bado kuna jambo linatafutwa na kuna kicheko. Hicho kicheko nakisisitiza sana. Mtoto aliyehangaika mistari mitano kwa kidole anastahili kukuta kitu mwishoni, la sivyo atajifunza kwamba kusoma ni adhabu.

Kabla hujaipeleka popote, mpe mtoto aisome mwenyewe kwa sauti. Wewe kaa kimya na penseli, pigia mstari kila anapokwama. Usimsomee, maana ukimsomea atakwambia ni nzuri ili kukufurahisha.

Mchapishaji anataka kunilipa mara moja na kuchukua haki zote za hadithi yangu moja kwa moja. Nisaini? (Mwandishi, Morogoro)

Kwa kitabu cha hadithi, usisaini mkataba wa namna hiyo. Masomo unayoliandikia shirika kwa mradi wake ni kazi nyingine. Huko malipo ya mara moja ni ya kawaida, nawe pigania kiwango, malipo ya awali na idadi ya marekebisho, ili usirudishiwe rasimu kila wiki kwa fedha ileile.

Hadithi inaweza kusomwa miaka mingi, kwa hiyo omba mrabaha, yaani asilimia ya mauzo ya kila nakala. Kisha angalia asilimia hiyo ni ya nini. Kitabu kikiuzwa sh 5,000, asilimia 10 ya bei ya dukani ni sh 500. Kama ni asilimia 10 ya kinachomfikia mchapishaji baada ya punguzo la muuza vitabu, tuseme sh 3,000, unapata sh 300. Tofauti hiyo yote iko kwenye mstari mmoja wa mkataba.

Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya 1999 inailinda kazi yako maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako, kwa hiyo saini hiyo inagusa hata wanao. Taka mkataba utaje muda, lugha, na kama toleo la simu na kompyuta limo. Kitabu kikiadimika na mchapishaji asikichape tena kwa miaka miwili, haki zikurudie. Na jina lako likae kwenye jalada. Hapo usilegeze hata kidogo.

Naweza kuandika kitabu cha kiada mwenyewe? (Mwalimu mstaafu, Dodoma)

Vitabu vya kiada vya shule za serikali huandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, TET. Nafasi yako iko kwenye vitabu vya ziada, vinavyosomwa pamoja na vya kiada, na hivyo pia TET ndiyo inayovipa ithibati, yaani kibali cha kutumika shuleni. Anza na muhtasari wa somo unaotumika sasa, kwa sababu mtaala ulioanza 2024 umebadilisha mengi. Ukitegemea nakala za zamani ulizofundishia, jasho lako litapotea bure.

Nimeombwa niandike somo la kujumlisha kwa Darasa la Pili. Niweke picha za video? (Mwandishi kijana, Mwanza)

Mdogo wangu, waulize kwanza waliokuomba shule zao zina umeme na vifaa gani. Kama hawana uhakika, andika somo linalofundishika kwa visoda, vijiti na ubao. Mweleze mwalimu hatua kwa hatua: kila kikundi kipewe visoda 18, watoto wavipange katika mafungu mawili, wahesabu kila fungu, kisha wayaunganishe. Fikiria darasa lenye watoto 90 na mwalimu mmoja. Ikiwa zoezi linamtaka apite dawati kwa dawati, kipindi kitaisha kabla hajafika nyuma.

Nimtafute mchoraji kabla ya kupeleka hadithi? (Msomaji, Iringa)

Hapana, wachapishaji wengi humchagua wenyewe. Wewe gawa maneno yako kwa kurasa, kitabu cha kurasa 16 au 24, na pembeni andika picha ionyeshe nini pale tu ambapo maneno hayasemi. Mfano, katika ile hadithi ya kofia hapo juu, paka aonekane tangu ukurasa wa kwanza, mkia wake tu ukichungulia nyuma ya pazia.