Watoto 84, wanaojibu ni wanane

Swali: Nafundisha darasa la tatu wilayani Chemba, wanafunzi 84. Wanaonyoosha mikono ni walewale wanane, karibu wote wavulana. Wapo watano wa Kisandawe hawasemi kabisa. Mmoja ana ualbino. Nimemweka mbele dirishani apate mwanga, lakini bado hawezi kunakili. Nifanyeje?

Jibu: Mwalimu, mwondoe huyo mtoto dirishani leo hii. Mwanga mkali humuumiza macho, na jua la huko mnalijua. Abaki mbele, katikati, dirisha liwe mgongoni kwake, na kofia asivuliwe darasani. Ukimwona anainamisha kichwa upande mmoja, usimwambie akae sawa: macho yake hutikisika, na mkao huo ndio unaoyatuliza. Mruhusu asogee ubaoni bila kuomba ruhusa. Soma kwa sauti kila unachoandika. Miwani husaidia, haimalizi tatizo. Zoezi lake likuzwe kwa fotokopi kutoka A4 kwenda A3. Herufi ya ukubwa wa 14 inafika karibu 20. Mwakani ana upimaji wa darasa la nne, kwa hiyo mwalimu mkuu aonyeshe uoni hafifu wakati wa usajili. Baraza la Mitihani huandaa karatasi za maandishi makubwa na kuongeza muda: dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati, 10 kwa masomo mengine. Usajili ukisahau, mtoto anapewa karatasi ya kawaida, na hilo linauma kwa sababu lilizuilika.

Kuhusu mikono, kusanya vizibo 84 vya soda, viandike namba za daftari la mahudhurio, vitie koponi. Uliza swali kwanza, hesabu moyoni hadi tano, wape nusu dakika wanong'onezane wawili wawili, ndipo uchomoe kizibo. Ukichomoa kabla ya kuuliza, 83 wanapumzika. Vilivyotoka viende kopo la pili, ila kila siku rudisha vitatu au vinne, maana anayejua zamu yake imepita hasikilizi tena. Wasichana watajibu kwa sauti ndogo mwanzoni. Usiwarudie maneno yao. Sogea nyuma ya darasa, watalazimika kupaza.

Wasandawe wana ugumu ambao wenzao hawana. Mtoto wa Kirangi au Kigogo anakikuta Kiswahili kikifanana na cha nyumbani: lugha zote ni za Kibantu, zina ngeli. Kisandawe si cha Kibantu, kwa hiyo "kiti kile, viti vile" ni jambo geni kabisa kwake. Akisema "viti ile" ameelewa maana. Jibu "ndiyo, viti vile" uendelee. Ukimsahihisha mbele ya wenzake wakacheka, ananyamaza muhula mzima. Usiwakalishe watano hao dawati moja. Waweke wawili na watatu, kila kundi pamoja na mwenzao mpole anayesema Kiswahili vizuri, na waache wanong'one Kisandawe kabla ya kujibu.