Ofisi Posta, godauni Vingunguti: usikimbilie kubadilisha simu zote

Wadau, naulizwa sana hili swali. Ofisi iko Posta, Dar, ina swichibodi (mtambo wa simu za ofisi) na ekstensheni zake, yaani simu za ndani zenye namba fupi, godauni liko Vingunguti, na bosi anataka mlinzi wa getini apigiwe kwa namba fupi kama yuko chumba cha pili. Mafundi wengi watakwambia ng'oa mfumo wote weka mpya. Sio lazima bana.

Unahitaji getiwei mbili, yaani vifaa vya kupitisha sauti ya simu za kawaida kwenye intaneti, na intaneti inayoeleweka. Ya ofisini iwe na poti za FXO, hizi zinapokea laini kutoka kwenye swichibodi kama vile zenyewe ndo simu. Ya godauni iwe na poti za FXS, hizi zinatoa umeme wa laini na kupiga kengele, so simu yako ya kawaida ya vitufe unaichomeka tu unapiga. (Zile za kuzungusha namba ulizia kwanza, getiwei nyingi hazizielewi.) Ukiwa Kariakoo soma kibandiko kabla hujatoa hela, maana utaomba ya poti nne upewe zote FXS, uende ukachomeke kwenye ekstensheni ambayo nayo inatoa umeme, hapo hamna simu na poti inaweza kuungua.

Spidi haisumbui sana. Simu moja kwa kodeki (namna ya kubana sauti) ya G.711 inakula kama kilobiti 87 kwa sekunde kila upande, G.729 kama 31. Kinachoua sauti ni pakiti (vipande vya sauti vinavyosafiri kwenye intaneti) kuchelewa, ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, wanashauri isizidi milisekunde 150 kwenda upande mmoja, kwa hiyo kwenye ruta ipe sauti kipaumbele, la sivyo mtu wa stoo akianza kushusha muvi wewe unasikia maneno nusu nusu. Na pitisha kila kitu kwenye VPN, yaani njia ya siri ndani ya intaneti kati ya ofisi na godauni. Poti 5060, mlango wa simu za intaneti kwenye ruta (sio tundu la waya), ukiiacha wazi kuna watu kazi yao ni kuitafuta wapige nje ya nchi kwa bili yako.

Sasa kichwa kinapouma ni hapa: mtu kakata simu lakini laini inabaki bize mpaka uzime kifaa. Sababu ni kwamba swichibodi nyingi za zamani hazitumi ishara ya umeme ya kukata, zinatoa mlio wa bize tu, na getiwei nyingi zinakuja zimesetiwa mlio wa Marekani, 480 na 620 Hz, wakati swichibodi yako inaweza kuwa inalia 425 peke yake, so getiwei haijui kama simu imekatwa. Mimi huwa napiga kati ya ekstensheni mbili, moja inakata, halafu nasogeza simujanja kwenye mkono wa ile nyingine narekodi, nafungua kwenye Audacity, programu ya kompyuta ya kuchambua sauti, naona masafa na muda wa kulia na kunyamaza, naingiza zile namba kwenye FXO. Fundi akikwambia "hiyo ni mtandao tu" muulize kama ameusikiliza huo mlio.

Halafu UPS, ile betri ya akiba umeme ukikatika. Zamani simu ya mezani ilikula umeme wa laini, giza likiingia bado inaita. Saa hizi umeme ukikatika Vingunguti getiwei na ruta zinazima zote, kwa hiyo weka UPS kote kuwili, na namba ya mkononi ya mlinzi ibandikwe pale mapokezi.