Usiishie Kwenye Namba ya Presha, Shika na Mapigo

Wewe uliyepangiwa kliniki ya presha kwa mara ya kwanza, utaambiwa mapema uchunguze ventrikali ya kushoto, chumba cha chini kinachosukuma damu mwilini. Ni sawa. Lakini juu yake kuna atiria ya kushoto, nayo huumia kimyakimya.

Presha ikikaa juu miaka mingi, ukuta wa ventrikali hunenepa na kukakamaa. Ukuta mkakamavu haulegei vizuri kupokea damu, kwa hiyo atiria hulazimika kuisukuma kwa nguvu zaidi. Ukuta wa atiria ni mwembamba, milimita chache tu, na kazi hiyo huushinda. Chumba hutanuka, makovu hujipenyeza katikati ya misuli, na umeme wa moyo ukikutana na makovu hayo hupoteza njia. Mwishowe atiria haibani tena, inatetemeka tu. Damu hutuama, hasa kwenye kifuko chake cha pembeni, na kuganda. Bonge likichomoka na kufika ubongoni, mgonjwa anapata kiharusi. Tena, kati ya atiria hii na mapafu hakuna vali, ndiyo maana msukumo ukipanda humo mgonjwa hubanwa pumzi akipanda ngazi.

Kwenye ECG, yaani mchoro wa umeme wa moyo, anza na wimbi la P, lile la umeme wa atiria, katika lidi II, mojawapo ya pembe ambazo moyo hutazamwa. Likizidi vijiraba vidogo 3 kwa upana (sekunde 0.12 kwa kasi ya kawaida ya karatasi), hasa likiwa na vilele viwili, shuku atiria ya kushoto. Katika V1, lidi ya kifuani, tazama kama sehemu ya mwisho ya wimbi imezama kijiraba 1 au zaidi, kwa kina na kwa upana. ECG safi haitoshi kumwambia mgonjwa kuwa atiria yake ni nzima. Wengi wenye atiria iliyotanuka hawaonekani humo.

Eko, picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, huonyesha zaidi, mradi ipimwe vizuri. Pima ujazo wa atiria pale ventrikali inapomaliza kubana, kabla tu vali ya maitrali, mlango kati ya atiria na ventrikali ya kushoto, haijafunguka, kisha ugawanye kwa eneo la mwili: zaidi ya mililita 34 kwa mita ya mraba ni kutanuka. Usitegemee kipenyo kimoja, maana atiria haitanuki sawasawa pande zote. Ukijumlisha kifuko au midomo ya mishipa ya mapafu, utaikuza bure. Na ukikuta atiria kubwa ilhali ukuta wa ventrikali haujanenepa, geukia vali ya maitrali. Homa ya baridi yabisi bado inaharibu vali za watu wetu, tena wakiwa vijana.

Kipimo kisichogharimu kitu ni vidole vyako. Shika mapigo ya mkononi sekunde 60 kamili. Ukihesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa 4, mapigo yanayokwenda ovyo yatakupita. Mashine nyingi za presha huandika namba ya mapigo bila kukuambia kama yanafuatana, na mapigo yakienda ovyo vipimo vyake huyumba. Tumia ya mkono, shusha upepo taratibu, milimita 2 za zebaki kwa sekunde, pima mara 3 na uchukue wastani. Halafu ECG siku hiyohiyo, usimpe tarehe ya mwezi ujao.

Ikithibitika atiria inatetemeka, aspirini si kinga ya kutosha. Inasumbua kuona ni wangapi bado hupewa hiyo pekee. Ili kujua nani anahitaji dawa ya kuzuia damu kuganda, hesabu alama za hatari ya kiharusi: presha alama 1, miaka 75 na kuendelea alama 2, kiharusi cha zamani alama 2, pamoja na nyingine. Mwenye vali ya maitrali iliyosinyaa kwa baridi yabisi hupewa warfarini, mojawapo ya dawa hizo, INR (kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda) ikilengwa kati ya 2 na 3. Na usimwanzishie mtu dawa ya kuzuia damu kuganda huku umemwachia dozi ileile ya presha iliyoshindwa, kwa sababu presha isiyoshuka humweka kwenye hatari ya kuvuja damu ubongoni.