Diski ina kasi, mbona video zinakwama?

SWALI: Nina seva ya Linux yenye diski moja ya kuzunguka, ile ya mizunguko 7200 kwa dakika. Imejaa video za mafunzo. Nikinakili faili moja peke yake napata kama megabaiti 150 kwa sekunde. Watu sita wakifungua video tofauti kwa wakati mmoja, kasi yao wote kwa jumla haifiki 15. Kichakataji hakina kazi, RAM imebaki tele. Naambiwa ninunue SSD, diski isiyo na sehemu inayozunguka. Je, hakuna cha kurekebisha kwenye kerneli, yaani kiini cha Linux, kwanza?

JIBU: Kipo, tena bila gharama. SSD itakusaidia, sikatai, ila kabla hujatoa hela tupige hesabu.

Kichwa cha diski kikitoka kwenye faili moja kwenda lingine kinatumia kama milisekunde 8 kufika mahali pake, kisha kinangoja sahani izunguke. Nusu mzunguko ni milisekunde 4 na ushee. Weka 12 kwa jumla. Na kikishafika, kinachota kiasi gani? Kwa kawaida Linux husoma mbele kilobaiti 128 tu, basi. Kwa kasi ya diski yako hizo zinachotwa kwa muda usiofika milisekunde 1. Ni kama kumtuma mtoto dukani akalete kiberiti, akirudi umtume tena akalete chumvi. Kilobaiti 128 kila milisekunde 13 ni takriban megabaiti 10 kwa sekunde, na ndicho unachokiona. Sasa mwache achote megabaiti 4 kila safari: 12 za kwenda, 27 za kusoma, jumla 39. Hapo unakaribia megabaiti 100 kwa sekunde, diski ikiwa ileile.

Kerneli inajuaje kwamba faili linasomwa kwa mfululizo? Inabahatisha, ila kwa akili. Programu ikiomba mwanzo wa faili, kerneli inaleta kurasa (vipande vidogo vya data) zaidi ya zilizoombwa na kuziweka kwenye kashe, yaani akiba ya muda ndani ya RAM, kisha inatia alama kwenye ukurasa mmojawapo. Msomaji akiufikia ukurasa huo, kerneli inaanza kuagiza fungu linalofuata kabla la kwanza halijaisha. Kila alama ikifikiwa fungu linakuzwa, mara mbili au hata mara nne, hadi dari, yaani kikomo, lililowekwa. Programu ikirukia sehemu nyingine ya faili, kubahatisha kunaanza upya kwa fungu dogo. Mpango huu ni kazi ya Fengguang Wu, na uliingia kwenye toleo la 2.6.23 mwaka 2007. Wazo lenyewe ni la zamani zaidi: Unix toleo la 6, ya mwaka 1975, tayari ilikuwa na breada, kijisehemu cha kerneli kilichoagiza bloku uliyoitaka pamoja na inayofuata.

Kwa hiyo unachopandisha ni dari. Ukiwa root (msimamizi mkuu wa mfumo), na jina la diski yako likiwa sdb:

echo 4096 > /sys/block/sdb/queue/read_ahead_kb

Ukipendelea amri ya blockdev, kumbuka yenyewe inahesabu kwa sekta za baiti 512, kwa hiyo megabaiti 4 ni --setra 8192. Wengi wameandika 4096 hapo wakapata nusu ya walichotaka. Seva ikizimwa na kuwashwa kipimo kinarudi kilivyokuwa, basi kiandikie kanuni ya udev, sehemu ya Linux inayosimamia vifaa.

Kuna mitego miwili. Kama juu ya diski umeweka LVM, tabaka la kugawa na kuunganisha diski, kinachohesabika ni kipimo cha dm-0 au jina linalofanana nalo, pale mfumo wa faili unapokaa. Ukibadilisha sdb peke yake utashangaa hakuna kilichotokea. Pili, faili hupewa dari lake linapofunguliwa. Programu iliyokwisha kulifungua itaendelea na kipimo cha zamani, hivyo iwashe upya huduma yako ya video kabla ya kupima.

Na ukipima, safisha kashe kwanza: sync, halafu echo 3 > /proc/sys/vm/drop_caches. Bila hivyo utakuwa unapima RAM huku ukiisifu diski. Usipime na msomaji mmoja pia, maana huyo hakuwa na shida tangu mwanzo. Anzisha sita.

Kama programu ni yako mwenyewe, ongeza posix_fadvise yenye POSIX_FADV_SEQUENTIAL, wito wa kuiambia kerneli kwamba utasoma kwa mfululizo. Kwenye Linux hiyo inaongeza dari mara mbili kwa faili hilo tu.

Mimi nisingepita megabaiti 4 hapo ulipo. Wasomaji wakifika mamia, mafungu makubwa yanaanza kufukuzana kwenye RAM, ukurasa unatupwa kabla haujasomwa, na diski inarudia kazi ileile. Na ikiwa diski hiyohiyo ina hifadhidata inayosoma vipande vidogo huku na huku, ihamishie kwingine kwanza ndipo upandishe dari.