Dada usilipe hiyo kozi ya "ubongo wa kulia"

Kama hela bado iko kwenye simu iache hapo hapo. Salamu baadaye.

Nimesoma mada yako nikiwa kwenye basi nikapitiliza kituo. Unasema mnahamia Guangzhou, huku China, mwezi wa nane, mtoto ana miaka sita, tarehe 1 Septemba anaanza darasa la kwanza na Wachina, na kuna jamaa kakuambia Kichina ni picha, picha zinakaa ubongo wa kulia, kwa hiyo mtoto akipitishiwa kadi haraka haraka kwenye tableti ndani ya miezi sita atakuwa na herufi 1,000 kichwani. Maneno yale yale! Hadi ule mchoro wa ubongo nusu bluu nusu nyekundu. Mimi niliuziwa na Mtanzania mwenzangu miaka saba iliyopita, kavaa suti na tai Guangzhou mwezi wa saba, joto lile watu tunatembea na taulo shingoni. Ningeangalia tai tu ningejua.

Nililipa yuan 6,800. Kwa hela hiyo ningefunga balo la viatu nikalituma Kariakoo na chenji ikabaki. Nikapewa boksi la kadi 800 na apu yake, na masharti: mtoto asiandike, eti penseli inamchelewesha, yeye aangalie tu. Na mimi baba mzima nikaficha penseli ndani ya nyumba, naficha kama mtu anaficha bia. Dogo alikuwa moto balaa, kadi inapita anataja, inapita anataja, nikawa narekodi video natuma kwenye grupu la familia, shangazi zake Tanga wanalia kwa furaha.

Siku moja boksi likadondoka kadi zikachanganyika. Nikaokota nikamuonyesha ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu akataja kitu ambacho sicho. Kumbe mtoto hasomi, anaimba! Amekariri mfuatano. Waliopita madrasa wananielewa, unasoma juzuu amma kwa moyo kama maji, alafu maalimu anafunika kila kitu kwa kidole anabakiza neno moja anauliza hili nini, unabaki unaangalia dari. Ndo hivo hivo, ila mimi nililipia.

Sasa hapo mwenye akili angestuka, mimi nikaongeza kosa. Nikasema basi ashike pinyin, ile ya kuandika sauti ya Kichina kwa a b c. Pinyin yenyewe sio mbaya, wameitumia rasmi tangu 1958 na darasa la kwanza lazima mtoto aijue, tatizo nilimpa tableti afanyie kila kitu, anabonyeza m-a zinakuja herufi kumi anachagua moja inayofanana na anachotaka. Homuweki inaisha dakika kumi, baba niko zangu Xiaobei, mtaa wa biashara wa Waafrika hapa Guangzhou, nahangaika na mizigo, naona mambo safi. Mpaka darasa la tatu. Kuna kitu wanaita tingxie, mwalimu anatamka neno watoto wanaandika kwa mkono bila kuangalia popote. Dogo alipata maneno 3 kati ya 20, mwalimu akaweka matokeo kwenye grupu la wazazi na jina la mwanangu liko chini kabisa na mimi ndo mweusi pekee kwenye grupu, kwa hiyo hakuna aliyejiuliza ni mtoto wa nani.

Usiku ule ndo nikaanza kusoma mwenyewe badala ya kusikiliza watu wa tai. Habari ya ubongo wa kulia ni danganya toto. Kusoma Kichina kunabebwa zaidi na upande wa KUSHOTO kama lugha nyingine, ni kweli sehemu za kuonea za kulia nazo zinachangia zaidi kidogo maana herufi yenyewe ni kijumba kimejaa vitu, lakini hakuna mlango wa siri wa kulia ambao kadi zinapitia. Mwaka 2004 watafiti walipiga picha ubongo wa watoto wa Kichina wanaoshindwa kusoma, wakakuta palipozubaa ni sehemu ya mbele kushoto, nyuma ya paji la uso, sio pale pa nyuma zaidi wanapopaonaga kwa watoto wa Kizungu wenye shida hiyo. Na sehemu hiyo ni jirani na zinazoongoza mkono. MKONO dada. Mwaka uliofuata wakaja na watoto wa Beijing, anayeandika vizuri ndo anayesoma vizuri, hata kuliko anayejua kuchambua sauti za silabi. Alafu 2013 wakapima watoto zaidi ya 5,000 wa darasa la tatu mpaka la tano, wanaobonyeza pinyin sana kwenye mashine walikuwa na alama za chini za kusoma. Nilihisi wamekuja kunihoji nyumbani.

Aliyetuokoa ni bibi mmoja wa ghorofa ya tatu, tulikuwa tunamsaidia kupandisha gunia la mchele. Alimnunulia dogo daftari la tianzige, lile la vijumba vyenye msalaba katikati, tableti akaifungia kabatini KWAKE. Kabla ya penseli, kidole hewani, mstari kwa mstari kwa mpangilio wake, huku anataja vipande kwa sauti. Akamuandikia 青, inasomeka qing. Ukiiwekea maji pembeni 清 ni maji maangavu, ukiweka jua 晴 ni hali ya hewa nzuri, ukiweka maneno 请 ni tafadhali, ukiweka moyo 情 ni hisia. Zote qing, toni ndo zinacheza, yaani sauti inavyopanda na kushuka. Herufi nyingi za Kichina zimeungwa hivyo, kipande kinakupa maana kingine kinakudokeza sauti, sasa mtoto anayeangalia kadi kwa sekunde moja vipande hivyo ataviona saa ngapi? Mkono ndo unamlazimisha kuvipita kimoja kimoja. Na bibi hakuwa anampa herufi kavu, anampa ndani ya neno analolijua, dian ni umeme, dianhua simu, diannao kompyuta, yaani ubongo wa umeme (huo ndo ubongo pekee wa maana niliokutana nao kwenye sakata hili lote).

Kwa hiyo kwangu sheria ni moja, herufi ambayo mtoto hajaiandika kwa mkono bila kuangalia, HAIJUI. Hata akiitaja mara mia. Na usimkimbize, serikali yao yenyewe kwenye mtaala wa 2011 mtoto akimaliza darasa la pili walitaka atambue kama herufi 1,600 lakini aandike kama 800 tu. Watoto wenyeji hao. Wako anayetoka Mbagala hana haja na 1,000 kabla ya kupanda ndege. Kitabu cha darasa la kwanza kinaanza na sita, mbingu, ardhi, mtu, wewe, mimi, yeye. Mpe hizo sita na penseli.

Kiswahili nyumbani usiache, mimi niliacha miezi minne kwa ushauri wa yule yule wa tai na bibi yake dogo kule Tanga hajanisamehe mpaka leo. Uliuliza na kitu kuhusu ada na viza sijui bima, hapo mtakuja wengine.

Dogo yuko darasa la nne sasa, wiki iliyopita tingxie kapata 17. Zile kadi 800 bado ninazo, tunazikunja tunawekea meza isiyumbe.